Kinubi cha Kaburini na Fimbo ya Shangazi

Shangazi yangu alikuwa anarudi Rorya moja kwa moja, baada ya kukaa miaka mingi kwa binti yake huku ughaibuni, Lanham. Kabla ya safari aliomba kitu kimoja: asikie nyatiti, kinubi cha kwetu, ikipigwa na mtu mbele yake. "Si ya kwenye simu, baba. Nataka nyuzi ninazoziona." Mimi, ambaye nimehama miji hata nimeanza kuichanganya, nilimwahidi kabla sijajua nitaipata wapi.

Sikuipata. Mkenya mmoja wa Upper Marlboro alikuwa nayo, lakini ilikuwa pambo la ukutani, nyuzi zimekatika. Nilichopata ni jioni ya nyimbo za kienyeji za Waingereza, kwenye ukumbi wa kanisa kule Arlington. Seremala mstaafu angepiga kinubi alichokichonga kwa kufuata vipande vya mbao vilivyofukuliwa kaburini mwa mfalme wa Anglia Mashariki, ufalme wa Waanglo-Saksoni wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Niliangalia picha yake: mikono miwili, mti umekingama juu, nyuzi sita. Nyatiti ina nane. Nikaona sita zitatosha.

Tulikaa mstari wa pili. Seremala alieleza kwamba hakuna aliyeandika jinsi muziki wa ufalme ule ulivyokwenda. Alichopiga ni nyimbo za wakulima na wavuvi wa upande huohuo, za karne nyingi baadaye, akitumaini kwamba kuna kitu kimebaki ndani yake. Nikamtafsiria shangazi.

"Angalau hadanganyi," akasema.

Wimbo ukaanza. Watu walitulia, mikono magotini. Kwenye ubeti wa tatu shangazi akainua fimbo.

"Wewe! Simama hapo!"

Kwetu msikilizaji aliyeguswa humkatiza mpigaji, akampa kitu kidogo, akajisifu mbele za watu, kisha wimbo ukaendelea. Mpigaji asiyekatizwa hurudi nyumbani akijua hakupendwa. Lakini pale ukumbini hakuna aliyejua hilo. Mkono wa seremala uliganda juu ya nyuzi. Mama mmoja mbele yetu aligeuka, kidole mdomoni.

Nikavuta kanga ya shangazi. "Shangazi, huku hawafanyi hivyo."

"Sasa atajuaje kama anapiga vizuri?"

Akajikongoja mpaka mbele, akatoa peremende mkobani na kuiweka juu ya goti la yule mzee. Akawageukia watu. "Mimi ni binti wa wanaume warefu wa ziwani! Nimezaa saba, na sijawahi kuomba chumvi kwa jirani!"

Wote wakanitazama mimi. Ndege yake ilikuwa keshokutwa, na mzee akifunga kinubi chake mfukoni, basi, ndiyo imetoka. Nilikuwa na la kuchagua, kuomba radhi au kutafsiri. Nikatafsiri, pamoja na chumvi, nikaeleza na desturi yenyewe.

Mzee aliitazama ile peremende. Akauliza afanye nini sasa.

"Apige!" shangazi akajibu. "Mimi si nimeshamaliza? Na mwambie mguu wake umelala."

Ilibidi nieleze tena: mpiga nyatiti huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na kugongea mbao kushika mwendo. Mzee akacheka, akasema kaburini hawakukuta pete ya namna hiyo.

"Labda hawakutafuta miguuni."

Hilo nalo nilitafsiri, na hata yule mama wa mbele alicheka. Mzee akaurudia ubeti wa tatu. Shangazi alibaki amesimama kando yake, akigonga fimbo kwenye mguu wa kiti. Mwanzoni mzee alipotea, akawahi, akachelewa, halafu akamfuata.

Tukiwa njiani kurudi Lanham nilimuuliza kama kile kinubi kinafanana na nyatiti.

"Hakifanani," akasema. "Lakini nilimsimamisha, akasimama. Nikamwambia apige, akapiga."

Kisha akaniomba nizime redio ya gari.