Sauti ya Mmarekani

Ile biashara ilitugharimu duka zima. Nimehesabu tena, ni zima. Leo nimefungua kasha la DVD, harufu ya plastiki mpya ikanirudisha kwenye galerie ya Ixelles, ule ujia wa maduka, nyuma ya meza ya papa, baba yangu.

Matonge yote, mtaa wetu wa Wakongo huku Ulaya, ilimpenda mwigizaji mmoja Mmarekani. Ujanani alicheza majambazi, uzeeni mababa wenye huruma, na filamu zake zote zilitufikia zikiwa zimetiwa sauti ya Kifaransa. Ile ya mwisho papa aliipata kwa bei ya kutupa. Akanunua makasha yote kwa pesa ya kodi ya duka, bila kuuliza lugha.

Kesho yake maman wa saluni ya jirani akairudisha.

"Papa, uyu si yeye. Ule wetu iko na sauti nzito. Uyu anasema Anglais, si Kifaransa, na kasauti ka mbuzi."

"Maman, ndiyo sauti yake ya kweli."

"Bon, ya kweli ubakie nayo. Rudisha feza yangu."

Nyuma yake wakapanga foleni. Papa akawalipa wote bila kubishana, yeye aliyebishania hata bei ya mkate.

Kodi ikakosekana, duka likachukuliwa. Sasa papa hatoki kitandani. Kila asubuhi ananiuliza kama wateja wamefika. Nishaurini, nimjibu nini?