Ndagala Bila Mchanga

Ziwa lilipopanda na kumeza mchanga wetu wa kuanikia, wanawake wenzangu wa Rumonge walinisukuma mbele, eti niwaongoze. Sikuchaguliwa kwa busara. Nina sauti kubwa na sina subira, na mtu wa namna hiyo hufaa kutumwa kwenye ofisi za wakubwa. Sote tunakausha ndagala, dagaa wadogo wa ziwa letu, na tangu enzi za mama zetu tulikuwa tukiwamwaga mchangani. Sasa ulibaki ukanda mwembamba tu, na kila asubuhi tuligombania nafasi hadi mabeseni yakarushwa. Niliona wazi kwamba kikundi chetu kitavunjika kabla ya mvua.

Afisa wa uvuvi alitushauri tujenge vichanja vya miti na nyavu kule juu, nyuma ya michikichi. Nikakubali, kisha nikazunguka siku nzima nikijisifu kama mtu aliyevumbua ziwa lenyewe. Wengi walinifuata. Aliyekataa ni jirani yangu, mama aliyenizidi umri, mzaliwa wa hapahapa.

"Weye ulikulia Tanzania," aliniambia mbele ya wote. "Ndagala ya huku iko inajua mchanga."

Nilinuna. Siku hizi naamini kwamba anayekupinga mbele ya watu anakuheshimu kuliko anayenyamaza akingoja uanguke. Siku ile sikuamini chochote, nilitaka tu aonekane amekosea.

Mzigo wa kwanza wa vichanjani ulikuwa mzuri kwa macho, unang'aa, hauna chembe ya mchanga ya kukwaruza meno. Mama mmoja mfanyabiashara wa Gitega alikuwa ametuambia kwa simu kwamba ukimpendeza atachukua kwetu daima, na ukiharibika tusimpigie tena. Kila mmoja wetu alikuwa ameweka humo samaki wake wote. Alasiri tukafunga magunia.

Asubuhi, tukingoja lori, nilitia mkono guniani nichote kidogo nijitambe. Ndani palikuwa na joto. Nikajaribu kumvunja samaki mmoja, akapinda tu.

Kwetu ndagala hupimwa kwa mchanga. Unatikisa kwenye ungo; mchanga ukidondoka wenyewe, samaki wamekauka, ukiwang'ang'ania, bado wana maji. Hakuna aliyetufundisha, tulikua tukiona, hata mimi niliyekulia ng'ambo ya ziwa. Juu ya vichanja hapakuwa na mchanga wa kung'ang'ania, basi macho yetu yalituambia mapema kwamba tayari, na hakuna aliyeshtuka. Tulidhani tumehama mahali tu. Kumbe tuliacha nyuma na kipimo chetu, bila kujua kwamba tulikuwa nacho.

Lori likapiga honi barabarani. Niliogopa, nasema wazi. Ningeweza kuyapakia yale magunia nikamwachia Mungu.

"Tufungue yote," nikasema.

"Na kamiyo?" mmoja akauliza, akiliangalia lori.

"Iende."

Nikampigia yule mama wa Gitega palepale, sauti ya simu nimeifungua wote wasikie. Habari mbaya ukiificha, wenzako wataanza kutafuta mengine uliyoyaficha, na hapo umekwisha. Nilimweleza ilivyokuwa.

"Nitakuja mwenyewe kuangalia," akasema. "Nikizikuta mbichi, naenda kununua kwa wenzenu wa Minago."

Jirani yangu alikuwa amesimama kando na beseni lake. Nilijua atanikumbusha maneno yake, na jibu kali nilikuwa nalo tayari. Yeye alipiga magoti akaanza kufungua kamba za gunia, nami nikapiga magoti upande wa pili.

Tulianika upya, tabaka jembamba, tukigeuza kwa mikono. Tulibishana sana juu ya kipimo, mwisho tukakubaliana kutumia masikio: unachota, unamwagia kwenye beseni, na zikilia kama maharage makavu, zimekauka. Kila mtu alilazimika kujaribu mwenyewe, mimi wa kwanza. Tangu hapo sitangazi jambo jipya kabla mikono yangu haijalijua.

Mama wa Gitega alifika kwa basi, amekunja uso. Alivunja ndagala moja, akavunja nyingine, akatafuna taratibu huku akitazama ziwa.

"Fungeni," akasema. "Na wiki ijayo mniwekee tena."

Niliketi chini nikalia kwa nafuu niliyoipata, na wenzangu wakanicheka, wakiuliza sauti yote ile imekwenda wapi. Nikacheka nao, na machozi bado yananitoka.

Mgeni wetu alipoondoka, jirani yangu alipanda na beseni lake kichwani, limejaa ndagala za asubuhi ile, maji yakimchuruzikia shingoni. Akasimama mbele ya kichanja changu.

"Sogeza zako kidogo," akasema. "Na miye niko natafuta nafasi."

Nikasogeza.