Filamu ya Mtu Anayesugua Sakafu

Kasuku, mwenye kibanda cha video, hakuwahi kusoma lugha hata moja ya kigeni, lakini alizitafsiri zote. Ndiyo kazi yake: filamu inacheza, yeye kashika maikrofoni pembeni ya televisheni, anawatia watu maneno mdomoni, kila siku mapya. Leo jambazi ni shemeji mtu, kesho ni mkwe aliyekataliwa. Wateja walijua anawapigia porojo, na ndiyo raha waliyoifuata.

Filamu za mapigano ziliwachosha. Waliyoing'ang'ania ni moja ya ajabu, haina kichwa wala miguu: mwanamume anasugua sakafu huku akinong'ona kwa lugha ya kigeni, mwanzo mpaka mwisho, na unahisi kabisa hutaki kujua anasugua nini. Wengine walitoka wakiapa hawarudi, kesho yake wako benchi la mbele. Hata wewe unayejifanya mstaarabu ungerudi.

Jumapili moja Kasuku akampa yule msuguaji sauti ya muuza nyama wa jirani, ile nzito ya kukohoakohoa, maana muuza nyama alikuwa akimjibu kila anayeuliza kwamba mkewe amesafiri kwao.

"Nimewaambia umesafiri, mama watoto," Kasuku akanguruma kwenye maikrofoni. "Sasa tulia huko chini."

Watu wakavunjika mbavu.

Kesho yake mchana, kabla wateja hawajaja, muuza nyama akaingia, akarudishia mlango, akaketi karibu nao. Akauliza kwa upole kama kweli lugha ya filamu ile anaijua.

Kasuku akaona njia mbili, zote mbovu. Akikiri anatunga, ataulizwa nani kamdokeza. Akajipiga kifua kwamba anaijua kama ya mama yake, na hutafsiri neno kwa neno.

"Afadhali," akasema muuza nyama. "Basi iweke, bwana. Nisikie kama yatakuwa yaleyale."

Tangu azaliwe Kasuku hakuwahi kurudia tafsiri. Akaiweka. Sakafu ikasuguliwa. Akayavuta maneno ya jana moja moja, ulimi mzito, akayapata yote, akashusha pumzi.

Muuza nyama akatikisa kichwa, macho kwenye kioo.

"Umeruka, ndugu yangu. Kabla ya hapo mke anaomba maji."

Katika filamu ile hamna mwanamke. Kasuku akairudisha nyuma, akalainisha sauti, akaomba maji.