Ua Lililokunywa Maji ya Chai ya Bibi

Jumamosi iliyopita nilikwenda Bunju kumsaidia mama kusafisha stoo. Mama ni mtu asiyetupa kitu, lakini siku akiamua kutupa hatazami nyuma. Ukichelewa utakuta daftari zako za shule ya msingi ameshaziwashia jiko. Nilipofika alikuwa ameshika kanga kuukuu, nusu yake imepauka mpaka imekuwa na rangi ya maji ya mchele, nusu nyingine bado nyekundu kama siku iliyotoka dukani. "Hii nayo sijui iliunguaje upande mmoja," akasema. "Naifanya tambara la kupigia deki."

Nilimpokonya. Mimi, mtu mzima mwenye watoto wawili, nilimpokonya mama yangu kanga mkononi kama tunagombania kiporo.

Nyuma yake, kwenye kona, niliona tangi la kioo. Mama ameligeuza nyumba ya vifaranga, wanalia humo ndani juu ya maranda ya mbao, hawana habari wanalala mahali gani. Kwenye kioo cha mbele, karibu na juu, mstari mwekundu wa rangi ya kucha ulikuwa bado upo. Nikakaa juu ya gunia la mkaa na sikufanya kazi tena kwa muda wa nusu saa, na mama akanisema ipasavyo.

Siku hizi naishi Segerea, jirani na gereza, na kila nikisema hivyo watu huniuliza nimefungwa kwa kosa gani. Lakini utoto wangu ni wa Bunju, nyumbani kwa bibi mzaa mama. Mama alikuwa anafanya kazi Morogoro, tukimwona mwisho wa mwezi. Nyumba ilikuwa na watu wanne: bibi, dada yangu mkubwa, mjomba na mimi, niliyekuwa darasa la nne. Mjomba ndiye mtoto wa mwisho wa bibi, na ndiye aliyeleta matatizo yote ninayotaka kukusimulia.

Alikuwa fundi vioo kwenye karakana moja Chang'ombe. Siku moja mteja aliagiza tangi la samaki, mjomba akakosea kipimo, pembe moja ikapinda kidogo, mteja akalikataa. Mtu mwingine angelivunja akatengeneza madirisha ya choo. Mjomba akalibeba mpaka Bunju, akaliweka sebuleni chini ya dirisha, akasema litakuwa bahari ndogo. Bibi akamuuliza ile kubwa ina kasoro gani.

Bamvua ilipofika, maji ya bahari yakajivuta mbali, mjomba akanipakia kwenye baiskeli tukateremka mpaka pwani. Tulitembea juu ya mwamba uliobaki wazi, miguu inateleza kwenye mwani, tukichungulia kila kidimbwi. Ndipo tukaliona, limeshika jiwe la ukubwa wa kifuu: mwili mfupi mnene kama kikombe cha kahawa, na juu yake vidole laini vingi vya rangi ya maziwa, ncha zake zambarau, vinacheza. Niliposogeza kidole, vikaning'ang'ania kama gundi. Tukalichukua pamoja na jiwe lake, na madumu mawili ya maji ya bahari.

Sisi tuliliita ua la bahari. Mjomba akatuelimisha kwamba si ua, ni mnyama. Bibi akasema mnyama asiye na macho, miguu wala adabu yeye hajawahi kumwona, na tangu siku hiyo akaliita "huyo mgeni wenu".

Mjomba akanikabidhi kazi. Ua linataka jua, ndiyo maana liko dirishani. Linataka hewa, ndiyo maana kuna kipampu kinachotoa mapovu, kikiunguruma usiku na mchana. Linataka kula, kipande kidogo cha kamba wa kitoweo. Na neno la mwisho alilisema akininyooshea kidole: "Maji yakipungua, jaza ya baharini. Ya bomba weka mbali, utaliua." Kisha akapata kazi ya kufunga madirisha ya ghorofa Dodoma, akaondoka, akaniachia mimi uganga wote.

Basi nililipenda lile ua kupita kiasi. Nililipa kamba asubuhi, nikalipa kamba jioni, na vile lisivyomaliza vikaoza chini ya jiwe. Bibi akifungua bakuli la kitoweo anakuta kamba wamepungua. "Lo! Mie mwenye meno nakula mchicha, mgeni asiye na meno anakula kamba!" Nikicheka ananirushia mwiko.

Wiki ya tatu kioo kikaanza kuingia utando wa kijani. Kwanza kama ukungu tu, halafu kama ukoga kwenye meno ya mtu asiyepiga mswaki, halafu mawe yakaota ndevu ndefu za kijani zilizokuwa zinayumba na mapovu. Sebule ikaanza kunuka soko la samaki la jioni. Jirani yetu, mwanamke aliyekuja kuazima kinu, alisimama mlangoni akauliza, "Eti jamani, chemba ya choo mmeihamishia ndani?"

Kwa bibi hilo lilikuwa tusi lisilosameheka. Na lilikuja wakati mbaya, kwa sababu washenga walikuwa wameshatuma habari: wanaleta barua ya posa ya dada, baada ya wiki tatu, na watapokelewa sebuleni. Bibi alinisimamisha mbele ya tangi. Alikuwa akiniita mke mwenzangu, kama mabibi wa pwani wanavyotutania wajukuu wao wa kike, lakini siku hiyo hakuwa na utani.

"Mke mwenzangu, nisikilize. Siku ya wageni, hili likiwa la kijani hivi, linatoka. Maji namwaga kwenye mgomba, na huyo mgeni wenu anafuata maji."

Nilimwamini. Bibi hakuwa mtu wa kutisha watu bure.

Nikaanza vita. Kila asubuhi kabla ya shule nilisugua kioo kwa mswaki wa zamani na kung'oa ndevu kwa vidole. Nikirudi mchana jua limeshawaka dirishani, kijani kinarudi. Maji yalikuwa yanashuka haraka kwa joto lile, nami, mtiifu wa mjomba, nikishuka pwani kila mara na dumu, nikijaza. Lakini badala ya kupona, ua likaanza kunywea. Vidole vikafupika. Siku moja nikakuta limejikunja lote, limebaki kifundo kidogo cha kahawia kama kitufe cha koti. Nikaligusa halikunishika. Nililia sana, tena kwa sauti, maana nilijua ni mimi niliyekabidhiwa.

Bibi alitoka jikoni kuja kuona nani amekufa. Aliniangalia, akaliangalia tangi, akaangalia ule unga mweupe uliokuwa umeganda ukingoni mwa kioo. Akaupangusa kwa kidole, akaonja. Kisha akatumbukiza kidole kwenye maji yenyewe, akaonja tena, akatema mpaka barazani.

"Ebo! Nyie mnafuga au mnatengeneza ng'onda wa chumvi?"

"Bibi, ni maji ya baharini hayo. Mjomba kasema nijaze ya baharini."

"Mie bahari nimeoga tangu sijaota meno, haina ukali huu. Hebu niambie, mchuzi ukikauka jikoni, unaongeza nini?"

"Maji."

"Unaongeza maji. Chumvi si imebaki humo humo sufuriani? Sasa wewe kila yakikauka unaongeza maji na chumvi, maji na chumvi. Na huyo mjomba wako, fundi mzima, hajawahi kupika hata uji!"

Jambo dogo namna hiyo, na sisi watu wa pwani, tuliozaliwa tunasikia mawimbi, hatukuliwaza. Tuliona kitu cha bahari kikipungukiwa maji kipewe bahari. Ilibidi mpishi aje.

Sasa ikawa maji gani. Ya kisima pale kwetu yalikuwa na chumvi yake ya ajabu, hata sabuni haitoi povu. Ya bomba mjomba alishayakataza. Yalibaki maji ya mvua. Na maji ya mvua nyumbani yalikuwa kwenye pipa moja la bluu nyuma ya jiko, lenye kifuniko na tofali juu yake, na hayo yalikuwa ya chai ya bibi. Hakuna mtu aliyeyagusa. Dada aliwahi kuyaoshea nywele, akanuniwa wiki nzima. Bibi aliamini chai ya maji mengine ni dawa ya kuhara.

Alikwenda mwenyewe akaondoa tofali. Akarudi na vikombe viwili.

"Bibi, si ulisema hulipendi?"

"Silipendi. Ila ndani ya nyumba yangu hakiteswi kitu." Akamimina polepole pembeni. "Vikombe viwili kwa siku, basi. Hata mtu mwenye kiu hapewi ndoo."

Kuanzia hapo akachukua uongozi. Alimwita dada achore mstari kwenye kioo kwa rangi yake ya kucha: maji yakishuka chini ya mstari, yajazwe ya mvua mpaka mstarini, si zaidi. Ya baharini yakabaki ya Jumamosi, ya kubadilishia kidogo. Kamba wakafungiwa, ua likapata kipande kimoja cha ukubwa wa punje ya hindi, siku ya tatu kwa siku ya tatu. Mimi nikatumwa pwani kuokota konokono wadogo wale weusi wanaolamba mwamba, nikaleta kumi na moja. Wakapanda kioo wakaanza kula ule utando, wakiacha nyuma yao vinjia safi. Na adhuhuri, jua lilipopiga dirisha, bibi alivua kanga yake mabegani, akaitundika juu ya kamba ya pazia, nusu nje nusu ndani. "Chumba kina joto," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Kijani kikaanza kurudi nyuma. Lakini wiki tatu ni chache, na konokono hana haraka ya posa.

Siku ya wageni ikafika. Kioo cha mbele kilikuwa kimetakata. Cha nyuma kilikuwa bado kijani kitupu, kama zulia la msikitini. Na ua lilikuwa bado kitufe. Asubuhi yote nilimzunguka bibi nikisubiri aseme neno, yeye yuko na vitumbua vyake. Nikajisemea labda amesahau. Wageni wakaingia, shikamoo zikapita, wakaketi. Nilikuja na sinia la sharubati, na hapo hapo mshenga mkubwa, mzee wa kofia iliyonyooka, akainama mbele.

"Samahani mama. Hili tangi la nini? Naona kama kuna majani."

Nikalitua sinia chini. Dada, aliyekuwa nyuma ya mlango, baadaye aliniambia alisema moyoni, hapo ndipo ndoa yangu inapoishia.

Bibi alijifunga ushungi vizuri. "La mke mwenzangu huyu. Ndani mna ua la bahari. Leo limejikunja, halina hali, tunaliuguza."

"Aha. Na hayo ya kijani?"

"Hayo ya konokono," bibi akajibu bila kupepesa. "Nao wale nini?"

Mzee akamtazama, akalitazama tangi, akacheka mpaka kofia ikapinda. "Basi sie tumefika. Nyumba inayouguza hata ua, mke tunachukua humu humu."

Walipoondoka nilimfuata bibi jikoni nikamuuliza kwa sauti ndogo kama linatoka. "Litoke liende wapi," akasema, "na hali hii?"

Lilifunguka siku ya nne. Sikuwepo, nilikuwa njiani natoka shule, nikamwona bibi anakuja barabarani bila viatu, bibi aliyekuwa hatoki hata kwenda kwa jirani bila kujitanda, ananipungia mwiko. "Mke mwenzangu! Mgeni kaamka!" Tulikimbia wote wawili. Lilikuwa limefunguka lote, kubwa kuliko siku tuliyolileta, vidole vyote vinacheza. Bibi akatumbukiza kidole, vikamshika. Hakukitoa upesi.

Tulikaa nalo miaka minne. Umeme ukikatika, bibi alikaa kwenye kigoda akichota maji ya tangi kwa kata na kuyamimina tena kutoka juu, ili lipate hewa, huku akililaumu shirika la umeme, serikali na mjomba. Mjomba alirudi kutoka Dodoma akawaambia watu wote kwamba yeye ndiye aliyenifundisha.

Nilipochaguliwa kwenda shule ya bweni, bibi alisema macho yake yameisha, haoni tena mstari wa rangi ya kucha. Tulisubiri bamvua, tukakodi bajaji, tukalirudisha na jiwe lake kwenye kidimbwi chake. Bibi aliingia majini mpaka magotini, gauni limelowa, akaliweka mwenyewe. "Haya, kale kamba wa kwenu," akaliambia.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha tatu. Ile njia ya pwani siku hizi ina ukuta na mlinzi, na pipa la bluu mama amelipandia mchicha. Nimebaki na kanga. Maandishi ya upande uliotazama jua hayasomeki tena, nimejaribu hata kwa miwani. Miaka minne, kila adhuhuri, kanga yake nzuri, kwa kitu alichosema hakipendi. Nami nikikumbuka vizuri, hata mimi hakuwahi kuniambia kwamba ananipenda. Alikuwa anatundika kanga tu.