Alama ya Mama Yangu

Anayewajibika kwa alama aliyonyimwa mjukuu wangu ni mwalimu wake wa Kiingereza. Nayasema haya mapema ili lawama isimwangukie mtoto, wala mimi niliyemsaidia kusoma.

Kwanza nieleze uhusiano wetu. Mwanangu alimpa binti yake huyu jina la marehemu mama yangu, na kwa desturi yetu Wakamba, anayepewa jina hupewa na nafasi. Kwa hiyo mimi humwita Mwaitu, yaani mama, naye huniita mwanangu. Akinikuta uani jioni bila sweta huniamuru niingie ndani, nami huingia. Kwetu Machakos hayo si mambo ya kuchekwa.

Muhula huu darasa lao lilipewa istilahi za fasihi ya Kiingereza. Atakayepata alama zote katika jaribio angeiwakilisha shule kwenye mashindano ya Kangundo, na Mwaitu aliyatamani mashindano hayo kuliko Krismasi. Tulisomea jikoni, yeye akimenya viazi. Istilahi zenyewe ni ndefu na hazina huruma kwa mtu mwenye meno bandia, basi tukazishika kupitia ndugu zao wa Kiswahili: tashbihi, istiari, tashihisi, chuku.

"Mwanangu, nipe mfano wa chuku."

"Mkaza mwanao," nikasema, nikimaanisha mke wangu, "ameninunulia shati linaloweza kuvaliwa na kwaya nzima."

"Hiyo si chuku, nimeliona. Nipe mwingine."

Jaribio liliporudi, alikuwa amekosa alama moja tu. Swali lilitaka sentensi ya kawaida kuhusu mtu wa nyumbani, isiyo na tamathali yoyote. Mwaitu aliandika kwamba yeye ni mama wa babu yake, na kwamba babu humtii. Mwalimu alikata sentensi hiyo kwa wino mwekundu na kuandika pembeni kwamba hiyo ni istiari.

Nilivaa tai, nikafuatana na Mwaitu hadi shuleni. Mwalimu alikuwa kijana mwenye adabu, mgeni katika sehemu zetu, na alinikaribisha kiti ambacho nilikikataa.

"Mzee, mtoto hawezi kumzaa babu yake. Hiyo ni lugha ya picha."

"Mwalimu, hakuna aliyesema amenizaa. Amesema ni mama yangu."

"Lakini naambiwa ulikuwa afisa wa usajili wa vizazi. Cheti ungekiandika hivyo?"

Swali lilikuwa zuri, sikatai. Niliikaza tai kabla ya kujibu.

"Cheti ni cha serikali. Mwalimu, nyumbani kwangu hatuitani kwa vyeti! Ukimuuliza mtu yeyote kuanzia hapa hadi Tala, atakwambia..."

"Mwanangu," Mwaitu akanikatiza, "punguza sauti. Huyu ni mwalimu wangu. Na ukae, umepewa kiti."

"Sawa, Mwaitu," nikasema, nikakaa.

Mwalimu alimtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akaiangalia tena ile karatasi. Alicheka hadi akavua miwani. Mwaitu naye akacheka, na sitaficha kwamba hata mimi nilishindwa kujizuia.

"Mzee, nimeona mwenyewe," akasema akijifuta macho. "Lakini siwezi kubadilisha alama peke yangu. Acha nishauriane na mkuu wa idara."

Maneno hayo niliwaambia wananchi maisha yangu yote ya kazi, na ninajua vizuri yanaweza kulala kabatini kwa muda gani. Majina ya washindani bado hayajabandikwa, na Mwaitu hupita ubaoni kila asubuhi kuangalia.

Kwa hiyo naitaka idara ya Kiingereza ya shule hiyo ieleze kwa maandishi, kabla majina hayajabandikwa, ni nani aliyeamua kwamba mama yangu ni istiari, alitumia kigezo gani, na ni lini alama yake itarejeshwa.