Nyumba ya Mama Niliiahidi Mara Mbili, Damu Ikamwagika Mezani Kwangu

Admin, jina langu lifiche mahali hata mimi nikilitafuta nisilione. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili. Shule niliachia darasa la nne, mwalimu akashukuru Mungu. Nakaa Ziwani tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na maisha yangu yote nimekata nyama Soko la Burma. Ng'ombe niliowapasua wakifufuka siku moja, Nairobi itahama. Kwa hivyo damu hainitishi. Hii ya wiki tatu zilizopita ndiyo imenitisha.

Kwetu ni magharibi, na kwetu nyumba ya mama ni ya kitinda mimba. Kitinda mimba wetu ni ndugu yangu ninayemwita Mjerumani, kwa sababu alienda Ujerumani akiwa kijana, akaoa huko, na ili apewe uraia wao akarudisha wetu kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Mama alipofariki mwaka jana tulinyolewa siku ya tatu, kama ilivyo desturi, na wazee wakatamka mbele ya watu kwamba nyumba ni ya mdogo. Mimi nikapiga makofi. Baadaye karani wa ardhi akatuambia shamba la kulima, kama hilo lenye nyumba ya mama, haliandikwi hivi hivi kwa jina la mtu asiye raia, kwanza aombe uraia wake urudi. Mjerumani akaniambia, "Kaka, liandike kwa jina lako. Nikishapata karatasi zangu unirudishie." Nikasema sawa. Likaandikwa.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kijana wangu wa kwanza, nimwite Wanjala, jina si lake, ana miaka arobaini na anasukuma mkokoteni Muthurwa. Yeye, mkewe na watoto watatu wanalala chumba kimoja nyuma ya changu. Jioni moja nikamwona ameinamisha kichwa, nikataka kumchekesha. "Unahuzunika nini na una nyumba ya vyumba vinne na mparachichi mlangoni? Anko wako siku hizi ni mgeni. Mgeni huchinjiwa kuku, hapewi shamba." Akacheka. Nami nikichekewa huwa sikomi, basi nikarudia kila jioni, nikaongeza chumvi, mpaka nikamwonyesha kwa maneno chumba atakacholala. Mimi nilikuwa nacheza. Yeye alikuwa anahama.

Jumapili ya wiki tatu zilizopita Mjerumani alikuja Ziwani na mkataba wa ukurasa mmoja, unaosema mimi namshikia tu. Alitaka niweke kidole gumba, maana saini yangu ni kama kuku aliyekanyaga tope. Tulikuwa tunamalizia ugali wa mchana. Shoka langu la kupasulia mifupa lilikuwa limetundikwa ukutani. Wanjala akaingia.

"Hiyo ni nini, buda?"

"Karatasi ya anko wako."

Mjerumani, ambaye akili ya huku kwetu Eastlands alishaisahau, akamsomea yote polepole kama pasta. Wanjala akanigeukia.

"Si ulisema ni yangu?"

"Kaka," Mjerumani akasema, "ulimwambia hivyo?"

Hapo mtu mzima angesema ukweli. Mimi nikacheka. Nikasema, "Piganeni, atakayebaki nimfungie kwa gazeti." Ni mzaha wangu wa sokoni. Nimewaambia hivyo wateja wanaogombea ubavu mmoja, na wote hucheka.

Wanjala hakucheka. Alinishika mkono wa kulia akaugandamiza mezani, na kwa mkono wake mwingine akalitungua shoka. "Basi hiki kidole hakitaandikia mtu nyumba." Ninajua shoka hilo linavyoshuka, nimelishusha mwenyewe miaka yote. Mjerumani akaweka mkono wake juu ya wangu.

Ule mlio ni ule ule wa Burma. Vidole viwili vya mdogo wangu vilibaki kwenye sahani ya sukuma wiki, na mkataba ukalowa mpaka maneno yakapotea. Mimi nikachukua mwiko nikampiga mwanangu. Nikampiga hadi mwiko ukavunjika, nikachukua kigoda, nikasikia mfupa wa mkono wake ukilia, na bado nikampiga. Alishaacha kujikinga. Majirani ndio walionitoa juu yake. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni amekumbatia sanduku la vikombe. Alikuwa ameshaanza kufunga vyombo vya kuhamia kwa mama.

Hospitalini polisi walipouliza, Mjerumani alisema alijikata akitusaidia kukata nyama. Hawakuamini, lakini waliandika. Mimi akaniambia kitu kimoja tu: "Kaka, mkono wangu sikuuweka kwa ajili ya nyumba."

Wanjala yuko na plasta mkononi. Kila asubuhi anapita mlangoni kwangu bila salamu. Amemtuma mkewe aniambie nikiweka kidole, nyumba ya nyanya yake ataichoma, na nikifa hatakuja kunizika. Kwetu mzee asiyezikwa na kifungua mimba wake huzungumzwa vibaya kuliko mwizi. Na kaburi langu litakuwa pale pale karibu na mama, kwa hivyo mwenye nyumba hiyo ndiye atakayelifungulia lango jeneza langu.

Mjerumani anasafiri wiki ijayo. Juzi aliacha mkataba mwingine mezani, msafi, na kikopo cha wino kando yake. Hakuniambia niweke wala nisiweke. Alikunywa chai kwa mkono wa kushoto, akaenda.

Najua mtanitukana. Tukaneni tu, mimi nimeshajitukana kwa lugha tatu. Lakini mkimaliza, nipeni akili. Nikiweka kidole, nimepoteza mwana niliyemdanganya mwenyewe. Nisipoweka, nimemwibia ndugu aliyekikinga. Kidole chenyewe ninacho bado, kizima, na siku hizi naona haya hata kumegea ugali. Wajukuu zangu, nikifanyie nini?