Maneno ya Yule Mhindi wa Mkokoteni

Wajukuu wangu wakikutana hapa Ishiara wakati wa Krismasi hawaongei mambo ya shamba. Wanaongea picha za sinema. Kila mtu anatoa simu, anasema sehemu ninayoipenda kushinda zote ni hii, angalieni, halafu wanasifu aliyecheza, aliyeandika, hata aliyeshika kamera. Majina ya hao watu wote yanapanda pale mwisho kama mchwa kwa ukuta. Juzi Krismasi, msichana mmoja akanigeukia.

"Na wewe shosho? Ama nyinyi mlikuwa mnaangalia mbuzi tu?"

Wakacheka. Nikacheka pia, kwa sababu mbuzi ni kweli, ndio walinitoa shule darasa la tatu. Lakini sehemu yangu ninayo, na aliyeitengeneza jina lake halikupanda popote.

Niliolewa Maua, kwa watu wa miraa. Mahali pa baridi. Sisi wa Mbeere tumezoea jua na muthokoi, na mama mkwe alipoona hayo mahindi yangu yaliyokobolewa akauliza kama ni ya kuku. Hayo tuyaache. Mume wangu alikuwa dereva wa pikapu, na alikuwa mtu wa maneno mengi. Mzaliwa wetu wa kwanza alikuwa kijana, basi akaniita "mama wa kijana", hata mbele ya wazee, kwa sauti, mpaka naona haya.

Huyo kijana alishikwa na homa akiwa na miaka miwili. Nikamfunga mgongoni nikasimama barabarani kungoja gari la kwenda hospitali. Pikapu ya kwanza kutokea ilikuwa ya baba yake, imejaa magunia, inaenda Nairobi, na hospitali iko upande anakotoka. Akapunguza mwendo. Akatoa kichwa dirishani, akasema, "Mzigo ukichelewa hawaupokei. Panda ya mtu mwingine, nitarudi kesho." Hakushuka. Miraa haingoji mtu, kila mtu Maua anajua hivyo, na mimi siku hiyo nilijua pia, nikampungia mkono.

Nilipofika hospitali mtoto alikuwa ameshanyamaza.

Tulimzika, na mume wangu akamrudishia mwenye pikapu funguo zake. Kwetu mtoto mdogo akienda, jina lake haliitwi tena pale nyumbani, na mume wangu alifanya kama jina la baba yake mzazi, alilokuwa amepewa kijana, limezikwa pamoja naye. Tulizaa wengine wanne. Aliwapenda. Lakini mimi hakuniita mama wa kijana tena. Aliniita mama chai, kama soko lote, kwa sababu nilikuwa nauza chai na mandazi.

Chai yangu ilikuwa mlangoni pa video. Video ilikuwa nyumba ya mabati nyuma ya soko. Madirisha yamezibwa kwa magunia, saa nane mchana ndani ni giza, viti ni mbao juu ya mawe, na jenereta ikinguruma mtu asipopaza sauti humsikii. Picha zilikuwa za Kihindi na za Kichina, na sisi hatujui Kihindi wala Kichina. Kwa hivyo mume wangu, baada ya kuacha gari, akapata kazi ya kusimama kando ya televisheni na fimbo, anatafsiri kwa Kimeru. Hicho Kihindi alijifunzia wapi? Hatukuuliza. Mtu akisimama mbele na fimbo unamwamini. Wachina wa video yetu walikuwa wanapigana kwa sababu ya mpaka wa shamba, na mimi nikajua, kumbe Wachina ni watu kama sisi.

Sasa hiyo sehemu. Kuna picha moja ya Kihindi ilikuwa inarudiwa kila baada ya wiki chache. Mwanamume anaingia nyumbani, mkokoteni wa ng'ombe ameuacha nje. Mke wake amegeukia ukuta. Yule Mhindi anasimama mlangoni na kilemba mkononi, anaongea muda mrefu. Ikikaribia, mzee aliyekuwa anaweka kaseti alinipigia kelele, "Mama chai, njoo, sehemu yako imefika!" Naacha sufuria, naingia, nasimama nyuma. Na mume wangu, pale gizani, anatafsiri polepole:

"Mama wa kijana. Ng'ombe walikuwa wamefungwa, mzigo umejaa, nikasema nitarudi. Ningeshuka. Hata kama mzigo wote ungeoza. Ningeshuka nimbebe..."

Iliendelea. Mimi nilikuwa nalia na aproni mdomoni. Nilifikiri, basi hata India kuna wanaume kama wangu, na huko wake wa watu pia wanaitwa mama wa kijana. Hivyo tu ndivyo nilifikiri. Mungu anisamehe.

Siku moja nilirudi nyumbani na hasira. Nikamwekea chakula, nikamwambia, "Hata Mhindi anajua kuomba msamaha. Wewe kazi yako ni kutafsiri tu."

Akasema, "Ni kweli." Halafu akaomba chumvi.

Amekufa sasa, kifua kilimmaliza. Mimi nikarudi huku kwa dada yangu kwa sababu ya magoti, maana baridi ya Maua na magoti yangu haviwezi kukaa nyumba moja. Basi hiyo Krismasi nikawaeleza wajukuu sehemu yangu, mkokoteni, kilemba, mke kwa ukuta. Msichana akaandika andika kwa simu siku mbili nzima. Siku ya tatu akaja mbio mpaka nilipokuwa nachambua pojo.

"Shosho, nimempata Mhindi wako!"

Ni yeye kabisa. Kilemba kile kile. Chini kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, nikamwambia anisomee kwa Kiswahili.

"Anasema mvua imekataa. Wahamie kwa ndugu yake mpaka msimu upite. Anasema asisahau jembe."

"Na mtoto?"

"Mtoto gani? Shosho, hawa hawana mtoto."

Nikamwambia arudishe. Akarudisha mara nne. Mvua, ndugu, jembe.

Mzee wa kaseti bado yuko Maua. Tukampigia. Nikamuuliza mume wangu yale maneno ya Mhindi aliyatoa wapi.

"Mama chai, kwani hukujua? Ukiwa hujaingia, pale mumeo alikuwa anasema chochote, mara ng'ombe amepotea, mara shemeji amelewa. Yeye ndiye alikuwa ananiambia nikuite. Ukiingia watu wote walikuwa wananyamaza, hata wale walevi. Sisi tulifikiri nyinyi mmeelewana hivyo."

Hatukuwa tumeelewana. Miaka yote hiyo aliniomba msamaha mbele ya soko zima, na jibu langu lilikuwa lile la chakula. Nilimpa chumvi nikaenda kulala.

Jioni ile nikamwomba msichana aweke picha tena lakini aue sauti. Mhindi akasimama mlangoni, akafungua mdomo. Nikaanza kumsemea kwa Kimeru. Mama wa kijana. Ng'ombe walikuwa wamefungwa. Nitarudi. Ningeshuka. Hata kama mzigo wote ungeoza. Ningeshuka nimbebe.

Nikaishia hapo. Mengine nilikuwa nalia wakati yanasemwa, sikuyashika, na mzee wa kaseti naye hayakumbuki. Mhindi alikuwa bado anaongea, bado ana mengi, mdomo unaenda tu.

"Shosho, anasema nini sasa?" msichana akaniuliza.

Nikamwambia ashike simu vizuri, asiizime. Huenda nikakumbuka.